Bois du Cazier, Marcinelle: anzia getini

Nimeshakwenda mara tatu kwenye makumbusho haya ya mgodi wa makaa ya mawe, hapa Charleroi, Ubelgiji, na haupiti mwezi bila Mtanzania au Mkongo mwenzangu kuniuliza kama panafaa kupeleka wageni. Panafaa. Ila mara ya kwanza sikupaona, ingawa nilikuwepo. Nilikwenda na basi la kampuni moja ya utalii iliyotupa dakika arobaini. Tukapiga picha chini ya minara miwili ya kuteremshia watu mgodini, tukanywa kahawa, tukaondoka. Dakika arobaini hazitoshi hata kusoma majina. Usiende hivyo.

Mara ya pili nilikwenda na Mama. Si mama yangu mzazi. Ni bibi wa Kiitaliano ninayemhudumia nyumbani kwake, maana kazi yangu hapa ni kuwaogesha na kuwalisha wazee. Jina analo, lakini mimi nimelelewa Tukuyu, siwezi kumwita mtu wa umri ule kwa jina tupu. Mwaka 1956, mgodi huu uliposhika moto baba yake akiwa chini, alikuwa na miaka tisa.

Tulipofika hakutaka kuingia. Alisimama kwenye geti la chuma, akashika nondo kwa mikono miwili, akaniambia mama yake alisimama pale pale kwa siku kumi na tano. Nilitegemea anisimulie moshi au vilio. Alichonisimulia ni aproni. Ilikuwa na mistari ya bluu, na yeye aliishika upande wa mfukoni, na humo mfukoni mlikuwa na ufunguo wa nyumba uliokuwa ukimgonga kwenye vidole kila mama yake alipojisukuma mbele. Mama yake alifunga mlango asubuhi ile akidhani atarudi baada ya nusu saa. Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza: kabla ya kuingia, simama getini. Utaziona picha za wanawake walioshika nondo hizo ukiwa ndani, na utajua umetoka kusimama wapi.

Ukumbi unaoitwa 8 Agosti 1956 ndio wa kuuanzia, na ukichoka, basi uwe ndio wa mwisho pia. Humo unaelewa kilichotokea. Saa mbili na dakika kumi asubuhi, kwenye kina cha mita 975, toroli la makaa liliingizwa vibaya kwenye lifti ya mgodi, likabaki limechomoza nje. Aliyekuwa chini na waliokuwa juu hawakuelewana. Lifti ikapanda. Toroli likagonga boriti, likakata nyaya za umeme, likapasua bomba la mafuta na bomba la hewa ya kuendeshea mitambo. Umeme, mafuta na hewa mahali pamoja, ndani ya mgodi wenye matimba ya mbao na milango ya mbao. Moto ukashika, na moshi ukavutwa na ile hewa iliyokuwa ikipelekwa chini ili watu wapumue.

Asubuhi ile walikuwa wameshuka watu 275. Waliotoka hai ni 13. Waliokufa ni 262, wa mataifa 12, na 136 kati yao walikuwa Waitaliano. Watoto zaidi ya 400 walibaki yatima. Kuna mji mdogo wa Manoppello, huko Abruzzo, Italia, uliopoteza wanaume zaidi ya 20 kwa siku moja. Fikiria Kiwira, au kijiji chochote unachokijua, halafu hesabu nyumba.

Kilichonikalisha chini ni maneno ya mchimbaji aitwaye Gonnet. Waliyakuta kwenye ubao huko chini, mita 1,035. Aliandika kwamba wanarudi nyuma kwa sababu ya moshi, wako kama hamsini, na ni saa saba na robo. Maana yake zaidi ya saa tano baada ya moto kuanza walikuwa bado hai, wanahesabiana, wanatazama saa. Waokoaji waliendelea kushuka kwa wiki mbili. Usiku wa kuamkia tarehe 23 Agosti mmoja wao akapanda akasema kwa Kiitaliano: tutti cadaveri. Wote ni maiti. Mama aliyasema maneno hayo mara moja tu, kwa sauti ya kawaida kabisa, kama mtu anayetaja kituo cha basi.

Sasa hili ndilo lililonifanya niandike. Ukutani wanaeleza mkataba wa tarehe 23 Juni 1946 kati ya Italia na Ubelgiji. Italia ilitoka vitani haina kazi wala makaa. Ubelgiji ilikuwa na makaa, lakini Wabelgiji wenyewe hawakutaka tena kushuka. Wakakubaliana: Italia italeta wanaume 50,000, hadi 2,000 kwa wiki, na Ubelgiji itaiuzia Italia makaa. Matangazo ya rangi ya waridi yakabandikwa Italia nzima yakisifia mshahara na likizo. Hayakusema kwamba wengi watalala kwenye mabanda yaliyokuwa ya wafungwa wa vita.

Niliposoma hapo nilimwona babu yangu. Babu alikwenda Afrika Kusini na Wenela, shirika lililokusanya watu wa kuchimba migodi ya huko, kama wanaume wengi wa Unyakyusa kabla ya Uhuru, akachimba dhahabu Johannesburg. Sehemu ya mshahara ilizuiwa mpaka mtu arudi kwao. Alirudi na baiskeli, blanketi na kifua kilichokuwa kikipiga filimbi akilala. Bibi alizoea kusema kwamba Wenela waliazima mume wakamrudishia mgonjwa. Baba naye alifanya kazi mgodi wa makaa wa Kiwira, chini, si juu, na nakumbuka mama akichemsha maji mara mbili kila jioni kwa sababu ya kwanza yaligeuka wino. Sikuwahi kufikiri kwamba kuna ukuta Ulaya utakaonieleza nyumba yetu. Wazungu wale kwenye picha, na nyuso zao nyeusi kwa vumbi, walikuwa watu walioazimwa.

Na baada ya msiba je? Italia ilisimamisha kupeleka watu wake. Ubelgiji ikageukia Hispania na Ugiriki, kisha mwaka 1964 Moroko na Uturuki. Mgodi wenyewe ulifunguliwa tena, ukafungwa moja kwa moja Desemba 1967. Mahakamani, kesi ya kwanza iliisha mwaka 1959 watuhumiwa wote wakaachiwa. Kwenye rufaa mwaka 1961 mtu mmoja tu alipatikana na hatia, akapewa kifungo cha nje cha miezi sita. Mtu mmoja, miezi sita, na hata hiyo hakuilala ndani. Nilihesabu upya nikidhani sijakielewa Kifaransa.

Chumba cha kumbukumbu, chenye nyuso na majina, msiingie mkiwa kundi linaloongea. Mama alimtafuta baba yake, akampata, akambusu kwa kidole: alikibusu kidole, akakigusisha ukutani. Nilitoka nje nikamwacha naye.

Mengine kwa ufupi. Pana pia makumbusho ya viwanda na ya vioo, ni mazuri lakini ni habari nyingine. Yafanye siku nyingine kama una nguvu. Nyuma pana vilima vitatu vya vifusi vya mgodi, sasa vimeota miti, na njia ya kupanda ipo. Vaa viatu vya kushika, mvua ikinyesha panateleza. Ukifika juu unauona mji wote, na unajua umesimama juu ya udongo uliotolewa kwa mikono ya watu. Hapa huteremki chini ya ardhi. Anayetaka kushuka mgodini aende Blegny, karibu na Liège. Migodi hiyo miwili imo pamoja kwenye orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO tangu mwaka 2012. Watoto wa shule nawapeleka bila wasiwasi kuanzia miaka kumi hivi. Wadogo zaidi watauliza maswali ambayo mzazi atayajibu akilia.

Mara ya tatu ilikuwa tarehe 8 Agosti. Kwetu ni Nanenane, na ndugu zangu Mbeya walikuwa wananitumia picha za ng'ombe na maboga kutoka viwanja vya John Mwakangale wakati mimi nimesimama na Mama kwenye uwanja wa mawe, miavuli imefunguliwa. Saa mbili na dakika kumi kengele ikaanza. Kisha majina. Italia imeifanya tarehe hiyo kuwa siku ya kitaifa ya kukumbuka wafanyakazi wake waliokufa ughaibuni, kwa hiyo walikuwepo watu wenye riboni za rangi za bendera, lakini walionyamaza kuliko wote ni wazee wa mitaa ya hapa, waliokuwa watoto pale getini. Lilipofika jina la baba yake, Mama aliitika. Si kwa nguvu. Aliitika tu, kama mtoto anayeitwa kutoka jikoni.

Ukienda siku hiyo, fika kabla ya saa mbili, na mbebee mzee wako kiti cha kukunja. Majina 262 ni mengi kuyasikiliza ukiwa umesimama, na yeye hatakubali kuondoka kabla ya la mwisho.