Project Zomboid toleo la 42: uhalisia unaonogesha gemu na uhalisia unaochosha bure

Project Zomboid ni gemu ya kompyuta ya kujiokoa katikati ya mazombi. Inatengenezwa na The Indie Stone, inaanzia Julai 1993 katika eneo la kubuni la Knox, jimbo la Kentucky nchini Marekani, na haifichi kwamba mwisho wa yote mhusika wako atakufa. Kazi yako ni kuichelewesha siku hiyo. Toleo la 42 lilitoka Desemba 2024 kama toleo la majaribio na limekuwa likirekebishwa tangu hapo. Naandika kwa ajili ya yule mwenye mashine ya kawaida, bando la kuhesabu na muda wa jioni tu, maana wengi wetu hapa Dodoma tunachezea katika hali hiyo.

Toleo hili limeongeza uhalisia kila kona. Mifugo, vimiminika, vyumba vya chini ya ardhi, ufinyanzi, uhunzi, misuli inayouma. Kipimo changu ni kimoja: je, jambo hili linanilazimisha kuamua, au linanilazimisha kusubiri? Linaloniletea uamuzi nalipenda hata likinitesa. Linalonisubirisha tu nalipunguza kwenye mipangilio, na bahati nzuri gemu hii inakuachia upunguze karibu kila kitu.

Nianze na mifugo, kwa sababu hapo ndipo wamefanya kazi ya heshima. Kuna ng'ombe, nguruwe, kondoo, sungura, kuku na bata mzinga. Mbuzi hayumo, na kwa mtu wa huku kwetu pengo hilo linaonekana. Ili ufuge, unahitaji sehemu yenye uzio uliofunga pande zote, kisha unaichora kwenye menyu kuwa eneo la mifugo, unaweka hori la chakula na chombo cha maji. Uzio ukiachwa na mwanya, hata wa mraba mmoja, wanyama watatoroka kupitia hapo hapo. Kuku wanataka banda lao la kulala na kutagia, na banda hilo linachafuka, kwa hiyo lisafishwe. Mnyama asiyekuzoea anakukimbia; unamzoesha taratibu kwa kumpapasa na kumlisha kwa mkono, halafu ndipo anakubali kufungwa kamba na kuongozwa. Ng'ombe hatoi maziwa mpaka azae. Aliyekulia kwenye boma lenye ng'ombe hatashangaa lolote kati ya haya, na ndiyo maana nasema wametengeneza kwa uangalifu.

Uchinjaji nao una hatua zake. Unaweza kumkata mnyama pale chini alipoanguka, lakini ukimtundika kwenye ndoano unapata nyama zaidi. Unatanguliza kukinga damu kwenye ndoo, unachuna ngozi, ndipo unakata nyama. Kinachosahaulika ni hiki: nyama inaoza. Ng'ombe mzima anatoa nyama nyingi kuliko uwezo wa mtu mmoja kula kabla haijaharibika. Kabla hujashika kisu, hesabu friza ulizonazo, hesabu na mafuta ya jenereta. Kama umeme wa gemu umeshakatika na huna jenereta, chinja kuku, ng'ombe mwache. Huo ndio uhalisia ninaoutaka, kwa kuwa unanifanya nipange wiki nzima kabla ya kufanya jambo moja.

Hata hivyo, hapa pia uhalisia kamili ungeua gemu. Mimba ya ng'ombe wa kweli ni takriban siku 280. Ukiseti siku moja ya gemu iwe saa 1, hizo ni saa 280 umekaa kwenye kiti ukimsubiri ndama. Ndiyo sababu kuna kipimo cha kasi ya mimba na kingine cha kasi ya kukua kwa wanyama. Usione haya kuviharakisha. Ugumu wa ufugaji upo kwenye maji, malisho na uzio, na hivyo vyote vinabaki pale pale hata mimba ikienda mbio.

Maji ndiyo sehemu ya pili ninayoisifu. Kwa kawaida maji ya bomba hukatika siku yoyote kati ya 0 na 30 tangu kuanza, na umeme vivyo hivyo, wala huambiwi tarehe. Anayeishi mtaa wenye mgao hahitaji kufundishwa: siku ya kwanza jaza kila chombo. Toleo la 42 limebadilisha vimiminika vyote vipimwe kwa lita na viwe na uzito, kwa hiyo ndoo iliyojaa unaisikia mgongoni, na huwezi tena kubeba akiba ya wiki huku unakimbia. Maji ya mvua na ya mtoni si salama kunywa mpaka uyachemshe. Pia angalia chombo kimebeba nini kabla ya kumimina, kwa sababu vimiminika sasa vinachanganyika, na chupa iliyokuwa na petroli haifai kuwekewa maji ya kunywa.

Kuhusu jenereta, wageni wanafia hapa kila siku. Mhusika asiye fundi umeme kwa kawaida inabidi kwanza asome jarida la mafunzo ya jenereta. Bila kujua kuitumia, mashine ni chuma tu. Iweke nje ya nyumba. Ndani inatoa hewa ya sumu na mhusika wako atakufa akiwa amelala. Inafikisha umeme kwa miraba kama 20 kuizunguka. Zima kwanza ndipo uongeze mafuta au uitengeneze kwa vipande vya vifaa vya umeme, na usiiache ichakae sana kwa sababu inaweza kushika moto. Yote haya ni uhalisia, na yote yanakupa la kuamua: niwashe kwa ajili ya friza tu, au na taa pia? Mlio wake nao unavuta mazombi.

Kilimo kimefungwa kwenye misimu, na msimu ni wa Kentucky. Huku kwetu mvua ni Desemba hadi Aprili, zikiisha umemaliza. Kule Aprili ndiyo baridi inaachia na watu wanaanza kupanda, na kuanzia mwishoni mwa mwaka kuna baridi kali na theluji. Gemu ikianzia Julai kama ilivyo kawaida, mazao mengi muda wake wa kupanda umeshapita au unakaribia kupita, na mchezaji anadhani mbegu zake ni mbovu. Mbegu ni nzima, mwezi ndio umekosewa. Kama unataka kuishi kwa jembe, badilisha mwezi wa kuanzia uwe Aprili. Utapata muda wa kupanda, kuvuna na kuweka akiba kabla ya baridi.

Sasa nije kwenye yale yaliyonikera. La kwanza ni uchovu wa misuli. Kila unapopiga kwa silaha, mkono unachoka. Silaha nzito inachosha zaidi, na mwenye nguvu au ujuzi mkubwa wa silaha hiyo anachoka polepole. Ukisikia hivyo unaona ni sawa. Lakini angalia inavyokwenda ukiwa na mhusika mpya na shoka. Zombi wa kwanza anaanguka. Kufikia wa nne au wa tano mkono unaanza kuuma, maumivu yanapunguza nguvu ya pigo, kwa hiyo kila zombi anahitaji mapigo mengi zaidi, na mapigo mengi yanazidisha maumivu. Kisha maumivu hayohayo yanamzuia kulala, na usingizi ndio ungemponya. Unabaki unamwangalia amekaa sebuleni. Hakuna uamuzi hapo. Stamina, yaani pumzi ya mhusika, ilishakuwepo na ilitosha: inapanda na kushuka ndani ya pambano lenyewe, na inakufundisha kurudi nyuma kwa wakati.

Watengenezaji walilipunguza jambo hili katika masahihisho ya mwanzo baada ya wachezaji kulalamika, na katika mipangilio kuna kizidisho chake, yaani namba ya kuongeza au kupunguza makali yake. Mimi nakiweka 0.4. Katika kiwango hicho kumaliza kundi kubwa kwa nyundo kubwa bado kunakugharimu, lakini mazombi watano hawakulazi kitandani. Sikushauri uweke 0, kwa kuwa utarudi kwenye tabia ya kusafisha mtaa mzima kwa rungu moja bila kufikiri.

Usumbufu wa mavazi unafanana na huo. Sasa unaweza kutengeneza na kuvaa kinga za mwili, na ukivaa nyingi mhusika anakosa raha. Wazo lenyewe ni jema, maana bila gharama kila mtu angetembea kama kifaru. Tatizo ni kwamba adhabu inakaa hata ukiwa umevaa vitu viwili vitatu vya maana. Kizidisho chake nakiweka 0.5 na sijaona sababu ya kukirudisha juu.

Ufundi mpya ni mpana sana: kuchonga mawe, ufinyanzi, uashi, uhunzi wa tanuri na mkaa. Unaweza kuanza na jiwe mkononi ukamalizia na upanga uliofua mwenyewe. Ila njia ya kupanda ujuzi ni kurudia kitu kilekile mara nyingi mno. Mtu mwenye saa moja jioni hatafika popote. Toleo hili linakuruhusu kuweka kizidisho cha ujuzi kwa kila fani peke yake, na hilo ni jambo zuri sana. Uhunzi, ufinyanzi na uashi viweke 3. Silaha na mbio ziache 1, kwa sababu hizo ndizo zinazobeba hofu ya gemu. Ukiziharakisha, mazombi wanageuka mapambo. Usisahau vitabu vya ujuzi: soma kitabu cha kiwango chako kabla ya kuanza kazi, kwa sababu kinazidisha alama utakazopata baadaye, na hakirudi nyuma kukulipa ulizokwisha kupata.

Giza na vyumba vya chini nitavipitia haraka: ni vizuri, viacheni vilivyo. Beba tochi na betri.

Maambukizi ni suala la zamani ila linagusa hoja yangu moja kwa moja. Kwa kawaida mkwaruzo una uwezekano wa asilimia 7 wa kukuambukiza, mchaniko asilimia 25, na kung'atwa ni asilimia 100. Kung'atwa ni haki yako, ulikaribia mno. Mkwaruzo ni bahati nasibu: umefanya kila kitu sawa, kisha siku mbili baadaye unakufa. Kwa mchezaji mgeni nashauri aweke maambukizi yapite kwa mate pekee, yaani kung'atwa tu ndiko kunakoua. Vidonda vingine bado vitataka dawa na bendeji, na bado vitakutisha.

Mipangilio yote hii ipangwe kabla ya kuanza dunia mpya, kwenye sehemu ya Sandbox. Ukishaanza, kuibadilisha si rahisi bila kutumia modi, yaani nyongeza zinazotengenezwa na wachezaji kubadilisha gemu. Urefu wa siku uweke saa 2. Muda wa kutembea kutoka kijiji hadi kijiji unakuwa na maana, na ramani sasa ni kubwa kuliko ya toleo la 41.

Kuhusu mashine, RAM ya GB 8 ndiyo mahali pa kuanzia. Gemu imeandikwa kwa Java na ina kikomo chake cha RAM kwenye faili la ProjectZomboid64.json, ndani ya folda ya gemu. Tafuta mstari wenye -Xmx. Ukiukuta 3072m na mashine ina GB 8, weka 4096m, usizidishe, kwa kuwa Windows nayo inataka yake. Sasisho jipya linaweza kurudisha faili hilo lilivyokuwa, kwa hiyo gemu ikianza kukwama ghafla, anza kuangalia hapo. Kwa kompyuta mpakato isiyo na kadi ya grafiksi, shusha ubora wa maji na wa madimbwi kwanza, halafu resolusheni. Mwanga mpya wa toleo la 42 ni mzuri kwa macho lakini unakula nguvu.

Gemu haina kitufe cha kusevu. Njia ya uhakika ni kutoka mpaka menyu kuu. Umeme wa kweli ukikatika katikati ya mchezo, sevu inaweza kuharibika, kwa hiyo kama unatumia kompyuta ya mezani bila UPS (betri ya dharura ya kompyuta), kila jioni nakili folda ya Saves iliyo ndani ya folda ya Zomboid, kwenye jina lako la mtumiaji. Fanya hivyo pia kabla ya kila sasisho, maana toleo la majaribio linaweza kuvunja dunia uliyoijenga. Kwenye Steam, duka la mtandaoni la gemu, seti gemu isijisasishe mpaka uifungue, upakuaji uufanye usiku kwa bando la usiku.

Sevu za toleo la 41 hazifunguki kwenye 42, na modi za 41 hazifanyi kazi mpaka mwenye modi aitengenezee upya. Ukinunua gemu mara moja unapata matoleo yote mawili; unachagua kwenye Steam, sehemu ya Betas. Mwenye mashine ya zamani, au anayetaka kucheza na wenzake kwenye mtandao bila usumbufu, abaki na 41. Mwenye hamu ya zizi, maziwa na mvua ya kuvuna achukue 42, aseti kwanza.