Gemu ya mpira ya msimu huu: mtandaoni inaangaliwa, ukocha umeachwa

Gemu ya mpira ya msimu huu imefika Chake Chake, Pemba, kwa bei ya soko la Darajani, Unguja, na nauli ya boti juu yake, na kwa kuwa kampuni iliyoitengeneza imeshatoa masasisho kadhaa, inafaa sasa kuipima kwa kilichotengenezwa na kilichoachwa. Uwanjani sina la kulalamika. Wawili wenye pedi mbili katika banda la gemu watafurahi.

Mtandaoni kasoro hazikai: ilipogundulika kona iliyokuwa ikizaa goli karibu kila inapopigwa, ilizimwa ndani ya siku chache. Anayecheza peke yake kama kocha, kwa upande mwingine, bado anakutana na hitilafu iliyokuwepo tangu mwanzo. Dirisha la usajili la Januari linapofungwa, na yupo mchezaji uliyemtoa kwa mkopo, duara la kusubiri huzunguka juu ya kioo cheusi, gemu ikajitoa, na ukirudi unaambiwa kuwa faili ulilohifadhi limeharibika. Msimu mzima umekwenda na maji.

Watengenezaji wana sababu zao. Kwa kawaida hitilafu hupimwa kwa ukubwa wa madhara yake na kwa haraka ya kuiondoa, na vipimo hivyo haviendi pamoja kila mara. Mtandaoni mdanganyifu mmoja huwaudhi wengi kwa wakati mmoja, na miongoni mwao wamo wanaonunua kadi za wachezaji kwa fedha halisi. Tena marekebisho mengi ya huko hufanyika kwenye seva za kampuni, ilhali kasoro iliyo ndani ya gemu yenyewe huhitaji sasisho linalokaguliwa kwanza na Sony au Microsoft, wenye mashine za PlayStation na Xbox. Lakini linalotugusa zaidi sisi wa visiwani ni kwamba ripoti ya gemu kujitoa husafiri kwa intaneti: mtu wa Wete anayecheza bila kuunganishwa, kwa kuwa bando lake ni la kuhesabia, hayumo katika hesabu za kampuni, na hitilafu iliyomkuta, kwa huko ofisini, haijatokea.

Wala mapato peke yake hayaelezi kila kitu. GTA Online, gemu ya mtandaoni iliyoanza 2013 na kuiingizia kampuni yake, Rockstar, fedha nyingi, kwa miaka ilichukua dakika kadhaa kufunguka kwenye kompyuta, hadi mapema 2021 mchezaji mmoja alipochunguza mwenyewe na kuonyesha kuwa muda mwingi ulipotea katika kusoma faili moja la orodha ya bidhaa, lenye megabaiti 10 hivi. Rockstar ilikubali, ikamlipa dola 10,000, na marekebisho yakatoka Machi mwaka huo. Kasoro isiyomzuia mtu kununua, basi, huweza kuzeeka hata kwenye upande unaopendelewa. Gemu ya Cyberpunk 2077, isiyo na upande wa mtandaoni, ilitoka Desemba 2020 ikiwa na hitilafu tele, Sony ikaiondoa dukani mwake hadi Juni 2021. Watengenezaji wake hawakuwa na upande mwingine wa kujifichia.

Kwa maoni yangu faili lililoharibika lingetangulia kona yoyote, hata kama walioathirika ni wachache, kwa sababu mechi ya mtandaoni huchezwa tena na msimu uliofutika haurudi. Siku kama zile za Mei 2024, nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilipokatika na intaneti ikazorota nchini, huo ukocha ndio unaobaki kuchezwa.

Mwenye intaneti ya uhakika mjini Unguja anaweza kuinunua bila wasiwasi. Anayetegemea diski pekee, bila intaneti, asiinunue kwa bei kamili, maana diski hubeba gemu kama ilivyotoka kiwandani, na masasisho ni gigabaiti juu ya gigabaiti. Aliyekwisha kuinunua azime uhifadhi wa kujiendesha kabla ya Januari, ahifadhi msimu wake katika nafasi mbili tofauti, na asimtoe mchezaji yeyote kwa mkopo.