Viungo vya treni za modeli za reli nyembamba: kipi ununue, na kwa kichwa kipi

Wengi wanaoanza na reli nyembamba za modeli humaliza fedha zote kwenye kichwa cha treni. Kiungo, kile kidude cha mbele na nyuma kinachoshika behewa, huachwa kama kilivyotoka kiwandani. Mwezi wa pili mtu ananunua behewa la kampuni nyingine, halishikani na kichwa chake. Au linashikana vizuri mezani, lakini likifika kwenye kona linaachwa nyuma. Kichwa hakina kosa hapo. Tatizo ni viungo, na vinabadilishwa kwa bisibisi ndogo na subira ya jioni moja.

Nimeshabadilisha viungo kwenye vichwa 11 na mabehewa yanayozidi 30. Ninapovipanga hapa chini ninaanza na swali moja: je, naweza kukifunga kwa kimo kilekile kwenye kila kichwa na kila behewa nililonalo? Viungo viwili vikipishana kimo kwa nusu milimita tu, kimoja kinaweza kupanda juu ya mwenzake kwenye maungio ya reli. Sura inakuja baada ya hapo.

Jua geji kabla ya kuagiza

Geji ni upana kati ya reli mbili, na "reli nyembamba" ni zile zenye geji ndogo kuliko ya kawaida. Jina hilo limebeba mambo mengi. Waingereza wengi wana OO9, yaani modeli za 1:76 (ndogo mara 76 kuliko kitu halisi) juu ya reli yenye geji ya milimita 9. Bara la Ulaya wana H0e, na Wamarekani wanaiita HOn30. Hizo ni 1:87, reli ni ileile ya milimita 9. Reli hiyo ndiyo inayotumika pia kwa treni za skeli ya N, na ndiyo maana viungo vidogo vya N vinaingia kwenye zote tatu. On30 ni jambo jingine kabisa: modeli ni kubwa, 1:48, reli yake ni milimita 16.5, na inatumia viungo vya HO, skeli ya kawaida ya 1:87.

Zidisha milimita 9 kwa 76 utapata milimita 684, karibu sawa na futi 2 na inchi 3. Hiyo ndiyo geji halisi ya reli ya Talyllyn kule Wales, kwa hiyo mwenye kupenda Talyllyn anapata upana sahihi kwenye OO9 bila kukisia. Kwetu reli ya zamani ya Mombasa hadi Kampala, na ile ya kati ya Tanzania, ni ya mita moja. Kwa 1:87 hiyo ni milimita 11.5. TAZARA yenye milimita 1,067 inatoka kama 12.3. Zote mbili zinakaa bila aibu kwenye reli ya milimita 12, ile inayoitwa H0m.

Nafasi ya kwanza kwa reli ya milimita 9: Micro-Trains

Hivi ni viungo vya ngumi: vinakamatana kama vidole vya mikono miwili vilivyokunjwa. Micro-Trains ni kampuni ya Oregon, Marekani, iliyotengana na Kadee, kampuni nyingine ya viungo, mwaka 1990, na kiungo chake kidogo namba 1015 kimewaingia watu wa reli nyembamba kwa sababu ngumi yake inalingana na ukubwa wa modeli zetu. Chini yake kuna waya wa chuma uliopinda, ukiutazama kwa mbali utadhani ni mpira wa breki. Ukisimamisha treni juu ya sumaku iliyofukiwa kati ya reli, waya unavutwa pembeni na ngumi inafunguka. Kichwa kinaondoka, mkono wako haujagusa kitu. Ukilisukuma tena behewa hilo mbele, linasukumwa bila kushikwa, unaliacha unapotaka. Kwa anayependa kupanga mabehewa stesheni, hakuna raha inayoizidi hiyo.

Sababu kubwa ya kukipa nafasi ya kwanza ni kiboksi chake. Kiungo kinakaa ndani ya kiboksi kidogo, na kiboksi kinafungwa kwa skrubu moja yenye unene wa milimita 1.2. Kikiwa chini mno, unapunguza chesi (fremu ya chini ya kichwa au behewa) kidogo kwa tupa. Kikiwa juu mno, unaweka kipande cha plastiki nyembamba katikati. Kimo unakipanga wewe.

Kwa mfano, chukua kichwa kidogo cha machimbo chenye magurudumu manne. Kilaze chali juu ya sponji, fungua skrubu ya chini, toa kiungo cha zamani na uhifadhi kila kitu kwenye kifuniko cha chupa. Shika kiboksi kipya kwa kibanio, kiweke mahali pake bila kukifunga, simamisha kichwa kwenye reli mbele ya kipimo cha kimo, uangalie kwa jicho moja usawa wa reli. Ngumi mbili zitazamane uso kwa uso. Hapo ndipo utoboe tundu, si kabla.

Nisikilize kuhusu gundi. Kiungo changu cha kwanza nilikibandika kwa gundi ya kukauka haraka, nikijiambia skrubu zitakuja baadaye. Gundi ikajipenyeza yenyewe ndani ya kiboksi kupitia ufa usioonekana, ikakamata shina la kiungo. Kwa nje kilikuwa kizuri, lakini juu ya sumaku hakikucheza, na kwenye kona kililing'oa behewa zima relini. Nilikivunja nikaanza upya. Tumia skrubu.

Ukinunua vya kujiunganishia, fanya kazi yote ndani ya mfuko wa nailoni unaoonyesha ndani, mikono ikiwa humo humo. Springi yake ni ndogo kuliko punje ya mchele, na ikiruka hutaiona tena. Kuna pakiti zilizokwisha kuunganishwa. Kwa anayeanza, ongeza fedha uchukue hizo.

Kina kasoro moja ya kweli. Springi ile ya ndani hufanya mabehewa mepesi yacheze mbele na nyuma treni ikitembea, hasa kwenye mteremko. Dawa ni kuongeza uzito kwenye mabehewa na kuweka kipande kidogo cha sponji kiguse ekseli ya behewa la mwisho, ili treni ibaki imenyooka. Angalia pia ekseli za chuma, kwa sababu sumaku inazivuta na behewa linasogea lenyewe.

Nafasi ya pili: aina ya Peco

Aina hii ina asili yake Ujerumani, kwa Eggerbahn, waliotoa treni zao za milimita 9 mwaka 1963. Mbele kuna bamba lililopinda linalosukuma, na kitanzi kinachoinuka kushika ndoano ya mwenzake. Peco waliiendeleza, na leo ndiyo utakayoikuta kwenye vitu vingi vya OO9 vinavyouzwa tayari. Vichwa vipya vingi vina mfuko mdogo wa kuchomekea kiungo, wa kiwango cha Ulaya kiitwacho NEM 355: unavuta kiungo cha zamani kwa koleo, unachomeka kipya, kazi imekwisha kwa dakika moja.

Kama una mtoto anayecheza nawe, au unataka treni izunguke tu sebuleni, chukua hiki na usihangaike. Kinavumilia kona kali za milimita 228 na hakitoki ovyo. Ila kutenganisha ni kwa mkono, na bamba lile ni pana kwa treni ndogo hivyo. Kama kichwa chako kimejengwa juu ya chesi ya skeli ya N, hakikisha kwanza pana pa kukifunga, maana chesi hizo mara nyingi zinakuja na kiungo kikubwa cha mraba cha N ambacho lazima kikatwe.

Nafasi ya tatu: Greenwich

Ni bamba jembamba la shaba nyeupe lililochongwa kwa asidi; unakata, unakunja, unalehemu mwenyewe. Kikimalizika vizuri ni chembamba, kinapendeza, na kinafanya kazi kwa sumaku. Ningekipa nafasi ya juu zaidi kama kila mtu angekuwa na mkono wa kulehemu vitu vya ukubwa wa ukucha. Mwenye mabehewa 6 atafurahi. Mwenye 40 afikirie mara mbili.

Nafasi ya nne: vitanzi vya Ulaya

Kampuni za Bemo na Roco zina viungo vyao vya kitanzi. Ukinunua kila kitu cha H0e kutoka kwao, baki navyo, ni imara. Kuvitafuta kwa ajili ya vichwa vya Kiingereza sioni sababu.

Minyororo na ndoano za kufuata skeli nimeziona zikiwa nzuri kupita kiasi ndani ya kabati la kioo. Kwa treni inayotembea kila siku sizipendekezi.

Kwa On30 usitafute mbali

Hapa ni Kadee, basi. Namba 5 ndiyo ya kawaida, ya chuma, yenye springi ya bamba inayowekwa peke yake. Namba 148 ina springi iliyoshikamana na shina kama sharubu, na kuifunga ni rahisi zaidi. Ndiyo ninayonunua mimi. Vichwa vya On30 vya Bachmann vina viungo vya ngumi vya kimo hicho hicho, hivyo kubadilisha ni kutoa kimoja na kuingiza kingine. Nunua na kipimo namba 205 siku hiyo hiyo. Kinakuonyesha kimo cha ngumi na pia kama waya wa chini umeshuka mno. Waya ukishuka utakwaruza kwenye njiapanda za reli na kuinua kichwa.

Usitie mafuta kwenye kiungo chochote cha ngumi, maana mafuta yanakusanya vumbi. Kwaruza risasi ya penseli laini, unga wake uupake kwenye shina.

Na Garratt zetu

Wapo wanaojenga Garratt (vichwa vikubwa vya mvuke) za daraja la 59 kwa H0m, zile 34 za kampuni ya Beyer Peacock zilizovuta mizigo kati ya Mombasa na Nairobi. Moja, Mount Gelai, ipo kwenye makumbusho ya reli Nairobi. Kichwa hicho kina sehemu tatu, na za mwisho mbili ndizo zenye magurudumu na zinazogeuka. Funga kiungo kwenye sehemu hizo za mwisho, chini ya tangi la maji na chini ya ghala la mafuta, nacho kitaifuata kona chenyewe. Kwa hiyo shina fupi linatosha, hata kwenye kichwa kirefu namna hiyo.

Unapoagiza

Agiza pakiti moja ya majaribio kwanza, hata kama usafirishaji unauma. Viungo vya ngumi vinakuja na mashina mafupi, ya kati na marefu, na vingine ngumi imepandishwa au imeshushwa. Picha ya dukani haikuonyeshi tofauti hiyo, soma maelezo. Weka skrubu, sumaku na kipimo kwenye oda moja.

Na usibadilishe treni nzima siku moja. Chagua behewa moja, upande huu uweke kiungo kipya, upande wa pili ubaki na cha zamani. Liweke nyuma ya kichwa ulichokibadilisha, na mabehewa yako yote ya zamani yataendelea kutembea huku ukiyabadilisha moja moja. Langu ni behewa bovu la makaa lililopoteza rangi, na bado linafanya kazi hiyo.