Kinyama cha jicho kilinirudia ndani ya miezi mitano: mara ya pili nilifanyiwa hivi

Nalima mwani Jambiani, kusini mashariki ya Unguja, tangu sijaolewa. Anayeijua kazi hii anazijua saa zake: siku za bamvua, bahari inapojaa na kupwa sana, maji yanatoka asubuhi, tunaingia saa tatu au saa nne, tunafunga mwani kwenye kamba hadi yaanze kurudi mchana. Jua moja liko utosini, na jingine linatoka chini, kwenye maji na mchanga mweupe, linakupiga usoni. Kinyama changu kilianzia hapo. Kilitokea jicho la kulia, upande wa pua, utando mdogo wenye mishipa myekundu, kikatambaa polepole mpaka kikapanda juu ya weusi wa jicho. Hospitali wanakiita terijiamu.

Mara ya kwanza nilikatwa, nikafungwa jicho, nikapewa chupa moja ya matone na kuambiwa nimepona. Hakuna aliyenipa siku ya kurudi. Wala sikuuliza, na hilo linaniuma mpaka leo. Mwezi wa tatu jicho likawa jekundu kila jioni. Mwezi wa tano kinyama kimeshapanda tena, kinene kuliko kile cha mwanzo. Nilikaa mbele ya kioo nikalia.

Safari ya pili nilikwenda kwa daktari mwingine, mama mmoja mpole. Akalitazama jicho kwenye darubini yake, akaniuliza, "Bibie, pale walipokata waliweka nini?" Nikamwambia sijui. Akasema hawakuweka kitu. Kinyama kikikatwa na kidonda kikaachwa wazi, utando wa pembeni unakimbilia kuziba lile pengo, na ukishashika kasi hausimami, unapanda tena juu ya weusi. Akanipa na hesabu: kwa njia hiyo, katika wagonjwa kumi wanaweza kurudiwa watatu, na kuna mahali wamerudiwa hata wanane. Njia ya pili ni kuchukua kipande cha utando wako mwenyewe, chini ya kope la juu ambako jua halifiki, kikapandikizwa palipokatwa. Hapo anayerudiwa mara nyingi ni mmoja katika kumi, au hata hafiki mmoja. Njia hii madaktari wa Marekani waliiandika mwaka 1985. Kwetu mwani wenyewe umeanza kulimwa 1989! Basi kwa nini mimi nilikatwa nikaachwa hivi hivi?

Kwa hiyo ndugu yangu, ukiambiwa ukatwe, uliza swali hilo moja kabla hujatia saini: palipokatwa mtaweka nini?

Upasuaji wenyewe hautishi kama unavyofikiriwa. Kinachouma ni sindano ya ganzi pembeni mwa jicho. Baada ya hapo nilikuwa naona mwanga mkali, kivuli cha mkono, na nasikia mkasi mdogo ukikata sikioni kabisa, ila sisikii maumivu, nahisi kuvutwa tu. Kwa kuwa changu kilikuwa cha kurudi, alikipaka kidonda dawa ya mitomaisini, ya kuzuia kinyama kisiote tena, kwa dakika chache kisha akakiosha kwa maji mengi. Dawa hiyo ni kali, ikizidi inakula weupe wa jicho, kwa hiyo ni ya mkononi mwa daktari peke yake. Kile kipande cha utando wangu akakishona kama kiraka kwa nyuzi nyembamba kuliko unywele. Pengine hutumia gundi maalumu, haikwaruzi kama nyuzi, lakini ni ghali na siku ile haikuwepo. Siku nne za mwanzo nilihisi kama nina mchanga jichoni, machozi yakinitoka usiku kucha.

Kazi kubwa ikaja nyumbani. Matone ya steroidi, ya kutuliza uvimbe na wekundu, yanaanzwa mara nyingi kwa siku, yanapunguzwa kidogo kidogo, na mimi nilikwenda nayo miezi miwili. Binti yangu alichora vijumba nyuma ya kalenda, kila tone moja alama moja. Jicho likionekana jeupe, mkono unataka kuacha. Usiache, na usizidishe pia. Wiki ya nne daktari alipima presha ya jicho, akakuta matone yameipandisha, akanibadilishia, ikashuka. Presha hiyo haiumi, na ikiachwa inaua mshipa wa kuonea. Ndiyo maana naogopa nikiona mtu anajinunulia chupa nyingine duka la dawa bila kupimwa. Na asali usitie, hata akikushauri mama mkwe.

Baharini nilizuiwa mwezi mzima. Bamvua mbili zikapita, kamba zangu akazishughulikia wifi yangu, Mungu amlipe.

Sasa naingia majini na miwani inayofunika mpaka pembeni, iliyoandikwa UV400, yaani inazuia ile miale ya jua inayodhuru jicho. Weusi wa kioo peke yake si kinga. Kioo cheusi kisichozuia miale kinaifanya mboni ifunguke na jua liingie zaidi. Juu ya mtandio navaa pama la ukindu. Miwani ina taabu zake: jasho linaitia ukungu, chumvi inaacha madoa, lazima uioshe kwa maji baridi ya kisima kila ukitoka. Nimeifunga uzi nyuma ya kichwa isije ikachukuliwa na maji.

Leo ni mwaka mmoja na miezi minne. Daktari aliniambia kinachorudi aghalabu hurudi ndani ya mwaka wa kwanza, na mwaka huo nimeuvuka. Pale pembeni pamebaki kovu jembamba la kijivu. Herufi za Msahafu, zilizokuwa zikinionekea mbili mbili kwa sababu kinyama kilikuwa kinavuta kioo cha jicho, zimekaa mahali pake. Jicho la kushoto nalo lina kijiutando, bado hakijafika kwenye weusi. Amekipima, akasema tusikiguse, niendelee na miwani, nirudi baada ya miezi sita.