Uzoefu wangu: RAM nane za mtumba kwenye Dell PowerEdge R720, na kwa nini seva ilizikataa

Nilinunua vipande nane vya RAM za seva, DDR3 za GB 8 kila kimoja, kwa shilingi 1,800 kipande. Muuzaji yuko Mombasa. Mzigo ulikuja kwa basi hadi Mokowe, kisha boti hadi Lamu mjini. Nilitaka kung'oa RAM zote za zamani na kuipa R720 yenye prosesa mbili jumla ya GB 64. Naipa bidhaa nyota tatu na nusu kati ya tano. RAM zenyewe ni imara. Kilichopunguza nyota ni muuzaji kutia aina mbili tofauti ndani ya pakiti moja kana kwamba ni kitu kimoja.

Tangazo lilisema "DDR3 8GB ECC" tu, na maneno hayo hayatoshi. (ECC ni RAM ambayo makosa yake madogo ya data yanaweza kugunduliwa na kusahihishwa.) Vipande sita vilikuwa na lebo ya 8GB 2Rx4 PC3L-12800R. Viwili viliandikwa 8GB 2Rx8 PC3L-12800E. Vyote ni ECC, vyote vina pini 240, pengo la chini liko mahali pamoja, na klipu zinafunga vizuri pande zote mbili. Kwa hiyo kipande kuingia kwenye sloti si ushahidi wa chochote. Cha kutazama ni ile herufi ya mwisho. R ina chipu ya rejista katikati inayopokea amri kutoka kwa prosesa na kuzigawa kwa chipu za kumbukumbu. E haina, prosesa inazungumza na chipu moja kwa moja. L ni aina ya tatu, yenye chipu inayopokea hata data yenyewe. U ni ya kompyuta za kawaida za mezani, isiyo na ECC.

R720 inakubali R, inakubali E, inakubali L, lakini si mchanganyiko. Ukichanganya haichagui zile inazozipenda na kuacha nyingine. Yangu ilisimama wakati wa kujipima, taa ya mbele ikageuka rangi ya chungwa, na mfumo haukuwaka. Nilipotoa zile mbili za E iliwaka mara moja ikahesabu GB 48. Muuzaji alizibadilisha bila ubishi, ila nauli ya kurudisha nililipa mimi.

Lebo ikiwa imefutika, namba ya Samsung inakuambia: M393 ni R, M391 ni E, M386 ni L. Kuhesabu chipu nyeusi kunatenganisha 2Rx4 na 2Rx8 tu, peke yake hakuthibitishi R au E. Kipande changu cha 2Rx4 kina chipu 36 za kumbukumbu kwa pande mbili, cha 2Rx8 kina 18. Mwombe muuzaji picha ya lebo kabla ya kutuma pesa, picha ya kila kipande, si ya kimoja cha juu. Na mwenye seva ndogo kama PowerEdge T330 ajue kwamba kwake mambo ni kinyume: hiyo ni DDR4 na inataka E pekee, zile za R zilizojaa sokoni kwa bei nafuu hazitamfaa.

Mpangilio sasa. R720 ina sloti 24: A1 hadi A12 ni za prosesa ya kwanza, B1 hadi B12 za prosesa ya pili. Mwenye prosesa moja asihangaike na upande wa B. Chochote atakachochomeka huko hakitaonekana. Sloti zenye klipu nyeupe hujazwa kwanza, kisha nyeusi, mwisho kijani. Vipande nane vinakaa A1–A4 na B1–B4, basi. Ukiwa na ukubwa tofauti, vikubwa vitangulie kwenye klipu nyeupe. Kabla ya kugusa kitu chomoa nyaya zote mbili za umeme, kisha bonyeza kitufe cha kuwashia kwa sekunde kadhaa ili chaji iliyobaki iishe. Ukimaliza rudisha lile kava la plastiki linaloongoza upepo, maana bila hilo RAM zinapata joto. Uwashaji wa kwanza huchukua muda mrefu kuliko kawaida kwa sababu seva inazipima upya RAM. Acha imalize. Wapo wanaodhani imeganda, wakaizima katikati.

Vipande vya kubadilishia vilipofika, BIOS (programu ya ndani inayoiwasha seva) ilionyesha GB 56. Kipande kimoja kimepotea. Hapa watu wengi hukimbilia kusema RAM imekufa, na mara nyingi si kweli. Kwenye Linux, amri ya dmidecode -t memory inataja kila sloti kwa jina. DIMM_A3 iliandikwa "No Module Installed" ilhali kipande kilikuwa mle ndani. Nilibadilishana cha A3 na cha A4. Kama tatizo lingehamia A4, kipande ndicho kibovu. Lilibaki A3, kwa hiyo kipande hakina kosa. Hatua inayofuata ni kujaribu A7 na A11, kwa sababu A3, A7 na A11 ziko kwenye njia moja ya kumbukumbu. Zote tatu zikiwa kimya, shaka inahamia kwenye soketi ya prosesa: pini iliyopinda, uchafu, au prosesa isiyokaa sawa. Hilo si la kufanyia haraka jioni taa ikiwa hafifu. Kwangu A7 ilifanya kazi, maana yake ubovu uko ndani ya sloti ya A3 yenyewe.

Ilikuwa uchafu. Hewa yetu ina chumvi, iwe kusi au kaskazi, na sloti iliyokaa wazi miaka inashika vumbi lenye unyevu. Nilisafisha kwa mswaki mpya laini, mkavu, nikapuliza kwa hewa ya kopo, kisha nikapangusa meno ya kipande kwa kitambaa kisicho na nyuzi kilicholowa kidogo alkoholi ya isopropili ya asilimia 99. Spiriti ya dukani yenye rangi iache. Kifutio cha penseli nakijua, mafundi wengi wanakitumia, lakini kinakwangua dhahabu na kuacha chenga zinazoingia tena kwenye sloti. Baada ya dakika kumi za kukauka, GB 64 zilionekana.

Ukiona nusu kamili ya ulichoweka, bonyeza F2 seva inapowaka, ingia System BIOS, Memory Settings, tazama "Memory Operating Mode". Ikiwa "Mirror Mode", nusu inatumika kama nakala ya nusu nyingine. Rudisha "Optimizer Mode".

Na kama BIOS inaona zote lakini Windows haioni, usifungue tena boksi. Windows Server 2008 R2 Standard ina kikomo cha GB 32, uweke RAM upendavyo. Toleo hilo msaada wake wa nyongeza (extended support) uliisha Januari 2020, bado nalikuta kwenye ofisi za huku. Angalia pia msconfig, sehemu ya kuwasha, kama kuna mtu aliweka alama ya kikomo cha kumbukumbu.

Nilizipima RAM kwa Memtest86+, programu ya kupima kumbukumbu, usiku kucha, hakuna kosa. Wiki tatu sasa rekodi za iDRAC (kifaa cha Dell ndani ya seva kinachofuatilia hali yake) hazijaandika hata kosa moja la ECC lililosahihishwa, na kwa RAM za mtumba hicho ndicho kipimo ninachokiamini kuliko maneno ya muuzaji. Ningenunua tena kwake, kwa sharti la picha nane za lebo nane.