Matofali ndiyo, mataruma hapana: tathmini ya vifaa vya mabomoko kwa ua wa nyumba kuukuu

Ua wa nyumba kuukuu hupokea vifaa vilivyotumika kwa urahisi kuliko ua wa nyumba mpya. Tofali lililomomonyoka pembe halionekani geni mbele ya ukuta uliofifia, na geti la chuma lenye makovu hukaa kama lilizaliwa hapo. Ila mwonekano ni jambo la pili. Jambo la kwanza ni kujua kifaa kiliishi wapi kabla ya kufika sokoni. Kilichonyeshewa na kupigwa jua miaka mingi kikabaki kizima kimeshafaulu mtihani. Kilichokaa chini ya paa muda wote huo hakijawahi kuufanya. Kwa kipimo hicho tumeyaweka matofali na vipande vya zege juu, mbao tumezishusha, na vitu vichache vinavyopendeza sana kwenye picha tumevikataa.

Matofali ya kuchoma: bora kuliko vyote, kwa masharti

Tofali la zamani lina thamani endapo lilijengewa kwa chokaa. Chokaa huachia: unagonga kwa nyundo ndogo na tindo pana, magamba yanadondoka, uso unabaki safi. Likiwa limejengewa kwa saruji, saruji hiyo mara nyingi ni ngumu kuliko tofali lenyewe, na ukiigonga linalopasuka ni tofali. Kabla ya kukubali lundo, chukua matofali matano kutoka sehemu tofauti na ukwangue masalia kwa bisibisi. Yakitoka unga, nunua. Yakigoma, achana nalo hata kama muuzaji anapunguza bei kila unapogeuka kuondoka.

Gonganisha matofali mawili. Lililoiva vizuri hulia kwa sauti kali. Lililoiva nusu hutoa kishindo kizito na kifupi. Hilo la pili ni la ukuta wa ndani, na ukilitandaza chini litaanza kumeguka tabaka kwa tabaka. Anayetaka uhakika zaidi apime uzito wa tofali kavu, alizamishe majini saa 24, alipime tena. Likiongeza zaidi ya asilimia 20 ya uzito wake, si la kukanyagwa. Matofali ya bomba la moshi yaepukwe hata yakilia vizuri: yamebeba masizi na chumvi, na madoa yake hurudi juu kila unyevu unapopanda.

Kwa tofali la milimita 215 kwa 102 kwa 65, mita 1 ya mraba hula matofali 45 yakilazwa bapa na kubanwa, au 71 hivi yakisimamishwa kwa ubavu. Ongeza asilimia 10 hadi 15 ya yatakayovunjika. Sebule ya nje ya mita 10 za mraba inadai basi matofali 500 na ushei, ambayo kwa kilo 2.5 hadi 3 kila moja ni zaidi ya tani 1. Gari dogo la mizigo halibebi hayo kwa safari moja, na hapa ndipo hesabu za wengi huanza kuharibika, kwa sababu usafiri haukuwemo.

Utandazaji wenyewe hauna siri, ila una mpangilio usiorukwa. Chimba sentimita 20. Shindilia udongo wa chini. Mwaga kifusi cha matofali na zege, vipande visizidi sentimita 5, kifikie unene wa sentimita 10 kikishashindiliwa. Kwa mita 10 za mraba hiyo ni mita 1 ya ujazo iliyoshikana, kwa hiyo leta karibu 1.3 ikiwa bado imelegea. Ondoa kila kipande cha jasi kilichojificha humo, maana jasi hulainika kwa maji na kuacha shimo chini ya sakafu. Juu weka mchanga wa chembe kubwa wenye unene wa sentimita 3 hadi 4, usawazishe kwa ubao, kisha panga. Kingo zote zishikwe na safu ya matofali iliyosimamishwa kwenye zege. Bila kingo, mstari wa nje husogea, viungo hufunguka na mchanga hukimbia. Mwisho fagilia mchanga laini mkavu kwenye viungo, gonga kwa nyundo ya mpira, fagilia tena.

Nyumba kuukuu ina kanuni yake hapa, na wajenzi wa haraka huisahau: sakafu ya nje ibaki angalau sentimita 15 chini ya tabaka la kuzuia unyevu ukutani, na iteremke kutoka nyumbani sentimita 1.5 hadi 2 kwa kila mita. Nyumba nyingi za zamani hazina tabaka hilo kabisa. Zikiwa hivyo, acha ukanda wa kokoto wa sentimita 30 kati ya ukuta na matofali. Sakafu nzuri iliyobanwa ukutani huelekeza mvua yote kwenye msingi, na rangi ya chumbani huanza kubanduka bila mtu kuelewa kwa nini.

Vipande vya zege: havina sifa, vina kazi

Zege lililovunjwa la sakafu au njia ya gari mara nyingi hutolewa bure, kwani mwenyewe angelipa kulitupa. Unyonge wake ni sura tu. Vipande vyenye unene unaolingana, sentimita 8 hadi 10, hufanya ukuta mkavu wa kuzuia udongo unaodumu kuliko mawe ya mviringo, kwa sababu vimelala bapa pande zote mbili. Kipande cha sentimita 60 kwa 40 chenye unene wa 10 kina uzito wa karibu kilo 58. Hicho ni cha watu wawili. Omba vivunjwe kabla ya kupakiwa.

Zika safu ya kwanza sentimita 15. Kila safu ikae nyuma kidogo ya ile ya chini, ukuta wa sentimita 60 uegemee mlimani kwa sentimita 10. Viungo visifuatane wima. Nyuma yake jaza kokoto upana wa sentimita 20 hadi 30, na kati ya kokoto na udongo weka kitambaa cha kuchujia. Kuta hizi zikianguka, mara nyingi chanzo ni maji yaliyokosa njia ya kutokea nyuma. Zaidi ya mita 1 kwenda juu si kazi ya kukisia, mtafute mhandisi.

Nondo zinazochomoza zikatwe kwa grainda hadi usawa wa zege, la sivyo zitachana miguu, na zikiota kutu zitapasua kipande. Zege pia huachia chokaa udongoni. Mimea inayotaka udongo wa asidi, kama gadenia na azalea, ikae mbali na ukuta huo.

Mbao: hapa ndipo watu hupotea

Boriti ya mbao ngumu iliyotoka darini ni kitu cha kutamanika, nzito na yenye mistari mizuri. Lakini ilikaa kavu maisha yake yote. Ukiisimika ardhini kama nguzo, sehemu ya usawa wa udongo, penye hewa na unyevu pamoja, ndiyo itakayooza kwanza. Itumie juu ya ardhi: benchi, meza, viunzi vya kupandishia mimea, ikiwa imekaa kwenye kiatu cha chuma kinachoinyanyua sentimita 5. Ikague kwa kuchomeka bisibisi kwenye ncha zote na kila tundu la kiungo la zamani. Ikizama bila nguvu, kata hadi ufikie mbao ngumu au iache. Matundu madogo yenye unga mbichi maana yake wadudu bado wamo. Pitisha sumaku kabla ya msumeno. Msumari mmoja uliovunjikia ndani hutosha kuharibu meno ya msumeno.

Paleti zina sifa kuliko zinavyostahili. Soma muhuri wake: alama ya shuke la ngano na herufi IPPC (Mkataba wa Kimataifa wa Kulinda Mimea), kisha namba, kisha aina ya matibabu. HT ni iliyopashwa joto la nyuzi 56 za Selsiasi hadi kiini cha mbao kwa dakika 30 au zaidi. MB ni iliyofukizwa kwa methili bromaidi, gesi ya sumu ya kuua wadudu, na hiyo isiingie bustanini. Hata HT haikuambii ni kemikali gani ilimwagikia baadaye, kwa hiyo paleti yenye doa la mafuta au harufu kali ikataliwe. Zilizopakwa rangi kote, hasa bluu, kwa kawaida ni mali ya kampuni za kukodisha. Anayekuuzia huenda hana haki ya kuuza. Na usizing'oe kwa mtaimbo, maana misumari yake ina mikunjo inayoshika na ubao utapasuka. Pitisha msumeno wa chuma kati ya ubao na gogo, ukate msumari wenyewe. Tunazipa kazi za muda: pipa la mboji, kivuli cha miche. Kitanda cha mboga cha paleti kinachogusa udongo hakitadumu.

Mataruma ya reli ya zamani tunayakataa kwa bustani ya nyumbani. Yalilowekwa kreosoti, dawa nyeusi ya kuhifadhi mbao, ambayo siku za jua hutoka kama lami na kushika nguo na ngozi. Umoja wa Ulaya ulizuia mbao hizo kutumika ndani ya bustani na viwanja vya michezo tangu 2003, sababu ikiwa hatari ya saratani kwa wanaozigusa mara kwa mara. Mbao za zamani zenye rangi ya kijani kibichi huenda zilitiwa dawa yenye shaba, kromu na aseniki, ambayo ni sumu. Nchini Marekani matumizi yake mengi ya makazi yalikoma mwishoni mwa 2003. Zisikwanguliwe, zisichomwe, na majivu yake yasifike shambani.

Geti na milango

Geti la chuma la zamani ni ununuzi mzuri, mradi ulinunue kabla ya kujenga nguzo. Wengi hujenga nguzo kwanza, kisha wanazunguka miezi wakitafuta geti la upana huo. Acha nafasi ya sentimita 1 kila upande na 5 chini. Kagua reli ya chini na sehemu za bawaba, maana hapo ndipo kutu hula. Uliza pia kama ni chuma cha kufua au cha kalibu. Cha kufua fundi yeyote wa kuchomelea atakiunga. Cha kalibu hupasuka kisipopashwa moto kwanza na kuungwa kwa vijiti maalumu, na mafundi wanaojua hilo ni wachache.

Milango ya mbao ya ndani isipewe kazi ya geti. Ubao wake wa katikati huachia gundi baada ya mvua kadhaa.

Mabati, mapipa na mengine

Mabati yaliyotumika yanafaa kwa vitanda vya kupandia. Geji 28 hujikaza vizuri kuliko geji 30, na zote mbili hutuna zikijazwa udongo, hivyo weka nguzo kila sentimita 60 hadi 90. Makali ya juu yafunikwe kwa mpira wa maji uliopasuliwa. Kitanda cha mita 2.4 kwa 1.2 chenye kimo cha sentimita 40 hubeba udongo mita 1.15 za ujazo, nao hunywea baada ya miezi michache. Lakini yale magumu ya kijivu yanayofanana na zege yanaweza kuwa asbesto. Hayo usiyakate, usiyavunje, usiyasogeze; ni kazi ya wenye leseni.

Pipa la lita 200 lililobeba chakula ni hazina ya maji ya mvua. Lililobeba kitu kisichojulikana ni tatizo utakalolipia. Milimita 1 ya mvua juu ya mita 1 ya mraba ya paa ni lita 1, kwa hiyo paa la mita 50 za mraba na mvua ya milimita 10 hutoa lita 500, za kuvuna kama 400 baada ya upotevu. Pipa moja hujaa mapema sana: tundu la kufurikia na bomba la kupeleka maji mbali na msingi ni la lazima. Likijaa lina uzito wa zaidi ya kilo 200, liweke juu ya matofali yaliyosawazishwa kwa pimamaji. Koki ikae sentimita 5 juu ya kitako ili matope yabaki chini, na mdomo ufungwe wavu wa mbu.

Matairi hatuyapendekezi kwa mboga, kwani yana zinki na mabaki ya mafuta, na ukingo wake wa ndani hushika maji ambamo mbu huzaliana hata baada ya kutoboa chini. Beseni la kuogea la chuma hufaa kwa bwawa la maua ya maji. Kwa chakula hapana, enameli za zamani huweza kuwa na madini ya risasi. Risasi hiyohiyo huenda imo kwenye rangi ya madirisha ya zamani, na kwenye udongo ulio chini ya kuta zilizopakwa rangi hizo. Usikwangue rangi hiyo ikiwa kavu, na mboga zipandwe mbali na ukuta mpaka udongo upimwe maabara.

Muuzaji wa mabomoko wa kuaminika

Anayefaa anakuambia jengo lilikuwa nini, anahesabu vipande badala ya kuuza kwa lundo, na hakasiriki ukitoa sumaku na bisibisi. Lundo lililopangwa vizuri nje mara nyingi limeficha vipande vya nusu tofali ndani, basi vua safu ya mbele. Kataa matofali kumwagwa na tipa. Yashushwe kwa mkono. Chukua idadi yote siku moja, kwa sababu lundo linalofuata litakuwa la jengo lingine na rangi nyingine, na wakati wa kutandaza changanya kutoka pande zote za mzigo.

Skrubu, bawaba, koki, wavu na kitambaa cha kuchujia nunua vipya. Skrubu iliyong'olewa imeshalika kichwa na ngozi yake ya zinki imekwisha.