Raindrop.io baada ya miaka miwili: linki zangu zimepata pa kukaa

Raindrop.io ni huduma ya kusevu na kupanga linki, na naandika hii kwa ajili ya yule mtu ambaye saa hizi ana tabu sitini zimefunguka kwenye brauza na anaogopa kuzifunga. Mi nilikuwa hivyo kwa miaka mingi. Nikiona kitu kizuri mtandaoni, labda bango la zamani lililochorwa vizuri, au makala kuhusu watoto wanavyojifunza kusoma, au video ya mtu anaeleza kompyuta inavyochora herufi, basi naacha tabu wazi, au najitumia kwenye meseji, au napiga skrinishoti, halafu wiki mbili baadaye naikumbuka na siipati popote. Skrinishoti ndo mbaya kuliko zote maana haina linki, unabaki na picha tu hujui imetoka wapi wala nani kaandika.

Kabla ya hapo nilikuwa na huduma nyingine, sitaitaja jina, ya kusevu makala usome baadaye. Niliipenda sana. Wakatuma imeili kwamba wanafunga, kila mtu apakue vitu vyake kabla ya tarehe fulani, na hiyo imeili ilienda kwenye anwani yangu ya zamani, mi naiona tarehe imeshapita. Mkusanyiko wa miaka minne ukaenda hivyo. Iliniuma kweli, maana mle ndani ndo kulikuwa na mambo yote niliyokuwa nafikiria kipindi kile.

Nikaanza kufuatilia historia ya hizi huduma, nikaona kufungwa ni kawaida yao. Delicious, huduma ya kusevu linki, ilianza 2003 na ndo iliwafundisha watu wengi kuweka tagi, yaani maneno mafupi ya kuitambulisha linki, na kuonyeshana walichopata, Yahoo wakainunua 2005, ikauzwa tena 2011, mwisho 2017 mwenye Pinboard, huduma nyingine ya linki, akainunua kwa dola 35,000 na kuiacha ya kusoma tu. Google Reader, ya kufuatilia tovuti unazozipenda, ilizimwa 1 Julai 2013. Omnivore, ya kusevu makala, ikafunga Novemba 2024. Pocket, ambayo ilianza 2007 ikiitwa Read It Later na baadaye ikawa chini ya Mozilla, ikazimwa 8 Julai 2025. Kwa hiyo nilipokuja kuchagua pa kuhamia, kabla hata sijauliza apu ni nzuri kiasi gani nikauliza kwanza, siku nikitaka kutoka natokaje?

Hapo Raindrop ikanishika. Kuingia ni rahisi: brauza yako inatoa faili moja la HTML lenye bukumaki zote, unalipandisha, na mafolda yanakuja kama yalivyo. Kutoka ni hivyo hivyo, unachagua HTML ambayo brauza au huduma nyingine inaweza kuisoma, au CSV ambayo inafunguka kwenye programu yoyote ya majedwali. Mi kila mwisho wa mwezi napakua CSV naiweka kwenye kompyuta yangu na kopi nyingine kwenye diski ya nje, kazi ya dakika mbili. Imejengwa na Rustem Mussabekov, sio kampuni kubwa, na hilo kwa wengine ni sababu ya kuogopa lakini mi naliona kwa namna nyingine, kampuni kubwa nazo zimefunga tu kama tulivyoona. Cha kukulinda ni lile faili lako.

Sasa matumizi yenyewe. Unaweka kitufe kwenye brauza na apu kwenye simu, ukikuta kitu unabonyeza, unachagua mkusanyiko (ndo folda lao), unaweka tagi, kwisha. Mwanzo nilikosea hapa. Nilitengeneza mikusanyiko karibu arobaini, ubunifu, ubunifu wa herufi, ubunifu wa ramani, teknolojia, teknolojia ya zamani, jamii, miji, elimu, kumbukumbu, yaani kila nikitaka kusevu kitu natumia muda kufikiria kinakaa wapi, na kitu kimoja kwenye Raindrop kinakaa mkusanyiko mmoja tu. Lakini vitu vizuri karibu vyote havikai sehemu moja.

Nitoe mfano. Nilisevu michoro ya W. E. B. Du Bois, mwanasosholojia Mmarekani mweusi, ile aliyoitengeneza na wanafunzi wake wa Chuo Kikuu cha Atlanta kwa ajili ya maonyesho ya Paris ya 1900. Ni karatasi kama 60 hivi, zimechorwa kwa mkono, nyekundu na kijani na njano zinang'aa, zinaonyesha kwa takwimu maisha ya Wamarekani weusi, elimu yao, mali zao, kazi zao, na leo ziko Maktaba ya Bunge la Marekani na mtu yeyote anaweza kuziangalia mtandaoni. Sasa hiyo ni ubunifu? Ni jamii? Ni elimu? Ni vyote. Au chukua vile vigae vya njano vyenye vinundu unavyovikanyaga kwenye vituo vya treni, vya kuwaongoza wasioona, alivibuni Mjapani Seiichi Miyake 1965 na vikatandikwa mara ya kwanza 1967 mjini Okayama karibu na shule ya wasioona. Ukiniambia hiyo niiweke folda la teknolojia nitakubali, ukisema la jamii pia nitakubali.

Nikavunja ile mikusanyiko arobaini, nikabaki na minne tu, ubunifu, teknolojia, jamii na kujifunza, kitu naweka panaponijia kwanza bila kuumiza kichwa, na kazi yote nyingine nikawaachia tagi. Tagi ya "kuona" kwa mfano inanipa Du Bois, inanipa vigae vya Miyake, inanipa zile ikoni, vile vipicha vya kwenye skrini, za kompyuta ya Macintosh ya 1984 ambazo Susan Kare alizichora kwanza kwenye karatasi ya miraba, miraba 32 kwa 32. Siku nilipobonyeza hiyo tagi nikaviona vyote vitatu vimekaa pamoja nilisisimka kabisa. Sikuwahi kuviwaza pamoja kabla.

Lakini kitu ambacho kimebadilisha kila kitu kwangu ni kile kisanduku cha maelezo chini ya jina la linki, ambacho watu wengi nadhani wanakiruka. Miezi sita ya kwanza na mi nilikuwa nakiruka. Nikawa na linki zaidi ya elfu moja zimepangwa vizuri, zina tagi, zina picha, na nikifungua nusu yake sijui kwa nini nilizisevu. Jina la makala linakwambia makala inahusu nini, ila haliwezi kukwambia we ilikugusa wapi. Nikajiwekea sharti: hakuna linki inayoingia bila sentensi moja yangu mwenyewe inayosema kwa nini. Sio kukopi aya ya kwanza ya makala, hapana, sentensi yangu, kwa maneno yangu, hata kama ni fupi na mbovu.

Mfano wa sentensi zenyewe. Kwenye rekodi ya onyesho la Douglas Engelbart la 9 Desemba 1968, pale alipoonyesha kipanya na maandishi yenye linki na kuongea kwa video na mwenzake aliye mbali, niliandika "angalia anavyosubiri watu waelewe kabla hajasogea, hili ni somo la kufundisha". Na kwenye utafiti wa Roediger na Karpicke wa 2006, kuhusu kukumbuka ulichosoma, niliandika "baada ya dakika 5 waliorudia kusoma waliongoza, baada ya wiki waliojipima ndo waliokumbuka zaidi". Ukiisoma hiyo sentensi ya pili huna haja ya kurudi kwenye utafiti wenyewe kila mara, iko kichwani. Na nadhani imekaa kichwani kwa sababu niliiandika mwenyewe bila kuangalia, ambalo ndo jambo lenyewe huo utafiti unasema.

Sharti hilo limepunguza ninachosevu kwa zaidi ya nusu. Maana vingi ukisema niandike kwa nini nakitaka hiki unakuta huna jibu, kilikuwa kinang'aa tu. Unakiacha kinapita na hujapoteza chochote.

Kuhusu kushea. Mkusanyiko wowote unaweza kuufanya wa wazi, unapata linki moja unampa mtu, na anaona vyote vilivyomo pamoja na maelezo yako. Una pia RSS, njia ya kupokea vipya vya tovuti moja kwa moja, kwa hiyo anayetumia kisomaji cha RSS anapata kila unachoongeza bila kufungua akaunti wala kufuatwa na matangazo. Hii mi naithamini sana. Kurusha linki kwenye magrupu nimeacha kabisa, kwa sababu kule linki inaishi saa moja, mazungumzo yanaifunika, na kesho mtu akiuliza ile kitu ya jana iko wapi hakuna anayejua. Siku hizi mtu akiniuliza kuhusu kuonyesha namba kwa picha simtumii linki ishirini zilizo uchi, namchagulia tano zenye maelezo, na karibu kila mara anarudi na swali la maana.

1945 mhandisi wa Marekani Vannevar Bush alieleza mashine ya kufikirika aliyoiita Memex, ambayo mtu angehifadhi humo vitabu na karatasi zake na kuunganisha kimoja na kingine, na ile njia aliyopita angeweza kumpa rafiki yake aiweke kwenye mashine yake. Nimeipenda hiyo picha tangu niliposoma mara ya kwanza. Mwenzako unampa njia uliyopita na alama ulizoacha, sio rundo la karatasi. Raindrop haiunganishi kitu na kitu kiasi hicho, ila mkusanyiko mdogo wenye maelezo kwangu unakaribia.

Mambo ya kujua kabla hujaingia. Toleo la bure halina kikomo cha idadi ya linki, na kwa watu wengi linatosha. Kutafuta neno ndani ya makala yenyewe, kutunza kopi ya ukurasa, na kukuonyesha linki zilizokufa, hivyo viko kwenye toleo la kulipia. Mi nilianza na la bure mwaka mzima, halafu nikalipia kwa sababu ya kopi. Pew Research Center, taasisi ya utafiti ya Marekani, walichapisha 2024 kwamba asilimia 38 ya kurasa zilizokuwepo 2013 hazikuwa zinapatikana tena ilipofika 2023. Hebu fikiria linki zako kumi za kipindi kile, karibu nne zimekufa. Kama hutaki kulipia kuna njia ya bure kabisa, nenda Wayback Machine ya Internet Archive, bandika anwani ya ukurasa kwenye sehemu ya kuhifadhi, wao wanautunza, halafu we unaongeza hiyo linki ya kopi kwenye maelezo yako. Inachukua nusu dakika. Kwa vitu vya watu binafsi, kurasa ndogondogo za mtu anayependa herufi au ramani, mi nafanya hivyo hata sasa na huku nalipia, kwa sababu kopi ya Internet Archive inamsaidia kila mtu na sio mimi tu.

Kwa kusoma makala ndefu Raindrop sio mahali pangu, nasomea kwenye brauza. Na kama kazi yako ni picha tupu, unataka kuzitandaza na kuzitazama polepole, jaribu Are.na pia, huduma nyingine ya kukusanya picha na linki, kule kitu kimoja kinaweza kukaa kwenye chaneli (mikusanyiko yao) nyingi kwa wakati mmoja na hakuna matangazo wala kuhesabu nani kapenda.

Sehemu ninayoifurahia zaidi imekuja mwaka huu. Mkusanyiko wangu wa kujifunza nimewafungulia watu watatu waweze kuongeza na kuandika. Mmoja ni mwalimu. Chini ya ile sentensi yangu ya utafiti wa 2006 akaongeza yake, kwamba darasani kwake kujipima kunafanya kazi vizuri kwa maana za maneno na kwa mambo waliyokwisha kuyaelewa, ila kwa dhana mpya ya hesabu ukiwapima mapema wanakariri kosa lao, kwa hiyo yeye anaeleza kwanza, anafanya mifano miwili nao, ndo anawapima kesho yake. Mi nisingelijua hilo, mi sifundishi. Nikamuuliza akosoe na nyingine, kakosoa saba mpaka sasa, mbili nimezifuta kabisa.

Juzi tumeanza mkusanyiko mpya wa alama na majengo kwa wasioona, unaanza na vigae vya Okayama, una linki 11 na kila moja ina sentensi yake, ya mwisho bado tunabishana iandikweje.